Pumzi ya Babu na Betri Ndogo

Nilimwahidi bibi yangu kwamba pumzi ya babu haitakatika njiani. Nilimwahidi tukiwa tumesimama kwenye veranda ya wodi, pale hospitali ya Kitete, asubuhi ambayo daktari alituambia kuwa mzee sasa anaweza kurudi nyumbani, mradi mashine ya oksijeni isizimwe tangu anapoinuka kwenye kitanda cha hospitali hadi anapolazwa kwenye kitanda chake mwenyewe. Bibi aliyasikiliza maelezo hayo akiwa ameikamata kanga yake kifuani kwa mikono miwili. Daktari alipoondoka, hakumgeukia mjomba, mwanawe, ambaye ndiye mwenye gari. Alinigeukia mimi.

"Mume wangu mdogo," alisema, kwa utani ambao mabibi wa kwetu huwafanyia wajukuu wao wa kiume tangu hawajaota meno, "wewe ndiye uliyekwenda chuo kusomea umeme. Huyu mkubwa asinifie njiani."

"Hatakufa, bibi."

"Sijakuuliza kama atakufa. Kufa tutakufa wote. Nimekuambia njiani."

"Pumzi yake haitakatika njiani. Nakuahidi."

Babu alitusikia kupitia dirishani. Mirija miwili midogo ilikuwa imeingizwa puani mwake, na kila neno alilitoa kwa kulipima, kama mtu anayeuza chumvi. "Anaahidi nini huyo? Anasubiri nife amrithi bibi yake."

Tulicheka, naye akakohoa kwa muda mrefu, na kicheko chetu kikaisha.

Mapafu ya babu yaliharibikia shambani. Kwa miaka mingi alilima tumbaku, na kila msimu wa kukausha alilala kando ya bani, kile kibanda cha udongo ambamo majani hutundikwa juu ya moto, akichochea kuni usiku kucha na kuvuta moshi ambao hakuna aliyemwambia kuwa ni adui. Tumbaku hiyo ndiyo iliyomsomesha mama yangu, na mama akanisomesha mimi. Kwa hiyo nilipotamka ahadi ile sikuwa najionyesha kwa bibi. Nilikuwa najua ni kifua cha nani kilichonilipia daftari.

Mashine yenyewe tulikwishaipata kwa michango ya ukoo. Ina ukubwa wa debe, ina magurudumu madogo chini, na kazi yake ni kuvuta hewa ya kawaida na kuichuja mpaka ibaki oksijeni nyingi. Haina betri yake. Huchomekwa ukutani kama pasi, na umeme ukikatika nayo hunyamaza. Kijijini kwetu, njia ya Ulyankulu, umeme umeshafika, na hospitali walituazima mtungi mdogo wa oksijeni kwa ajili ya dharura. Gari la wagonjwa ni la wanaozidiwa, na babu alikuwa anaruhusiwa. Kilichobaki ni barabara: masafa marefu ya vumbi ambayo hayana soketi ya ukutani.

Gari la mjomba ni haibridi, dogo, jeupe, lililokwishatumika Japani kabla ya kuja kubeba abiria wa stesheni ya Tabora. Linatumia petroli na umeme kwa zamu, nalo hujichagulia lenyewe. Mjomba alilipenda kwa sababu halinywi mafuta. Aliposikia mahitaji ya babu, alifungua mlango na kunionyesha tundu la kuwashia sigara kwenye dashibodi.

"Si tunachomeka hapa tu, anko? Mbona simu za abiria zinachaji?"

Nilimwambia kuwa tundu lile lina waya mwembamba na fyuzi ndogo, na kwamba linatosha simu kama kibatari kinavyotosha meza moja. Mashine ya babu ingetaka mkondo mara nyingi zaidi ya huo. Waya ungechemka ndani ya dashibodi, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, na ndani ya gari lenye oksijeni. Mjomba aliufunga mlango taratibu.

Tulikwenda kwa fundi umeme wa magari ambaye karakana yake iko nyuma ya soko, mtu wa makamo, Mwislamu wa mjini ambaye wazee wake walifika Tabora na misafara kutoka pwani wakasahau kurudi. Yeye ni Mzaramo kwa asili na sisi ni Wanyamwezi, kwa hiyo ni watani, na kwake hakuna salamu isiyo na kashfa ndani yake.

"Karibuni wabeba mizigo," alisema. "Safari hii mmebeba nini?"

"Babu," nilijibu.

"Lo! Zamani mlibeba pembe, leo mnabeba wazee. Mmefilisika?"

Nilipomweleza, utani ulimtoka usoni. Aliinama kwenye buti, akainua zulia, akagonga kwa vidole kifuniko cha betri kubwa iliyo nyuma ya kiti cha abiria.

"Kijana, kazi hii ni nyepesi. Humu ndani kuna zaidi ya volti mia mbili zimelala bure. Tuchote hapa. Mzee atapumua mpaka Kigoma."

"Hapo hatuchoti, fundi."

"Kwa nini? Waogopa?"

"Naogopa."

Nilimwonyesha nyaya nene za rangi ya machungwa zinazotoka kwenye betri ile. Rangi hiyo waliiweka waundaji ili iwe onyo. Umeme unaopita mle haumpi mtu nafasi ya pili ya kuwa mwangalifu. Tena mfumo wake haukuunganishwa na bodi ya gari, na kompyuta hulinda utengano huo. Ikihisi kuna anayechezea, hugoma, na gari lote husimama. Inveta tuliyokuja nayo, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ni ya volti kumi na mbili, na volti kumi na mbili zina mahali pake: betri ndogo iliyojificha kwenye kona ya buti.

Fundi aliitazama ile betri ndogo kwa dharau. "Hiki? Hiki ni cha pikipiki iliyonenepa."

"Ndogo kwa sababu haizungushi injini. Kazi yake ni kuamsha kompyuta na kuwasha taa. Gari likishakuwa tayari, ile kubwa ndiyo inayoijaza hii ndogo, mfululizo. Sisi tutakunywa kwenye hii, na ile itakuwa inamimina."

Alifikiri. Kisha akaitoa sigara aliyokuwa ameichomeka nyuma ya sikio, akampa muuza kahawa aliyekuwa akipita. "Sawa. Mimi nina wake wawili. Nikifia kwenye gari lenu, ugomvi wa mirathi utausuluhisha wewe na chuo chako."

Sijawahi kufanya kazi na mikono mizuri kama ile. Tulilizima gari, na nikamwomba mjomba aende na ufunguo wake mbali, hadi kwenye kibanda cha chai, kwa sababu haibridi iliyonyamaza si lazima iwe imezimwa. Inaweza kuamsha injini yenyewe mkono wa mtu ukiwa ndani. Tulifungua ncha hasi ya betri ndogo kabla ya kugusa kingine chochote. Fyuzi tuliiweka kiganja kimoja tu kutoka kwenye ncha chanya, ili waya ukichunika popote mbele, fyuzi ikatike kabla moto haujawaka. Waya tulichagua mnene, tukaupitisha upande usio na nyaya za machungwa, na kila ulipovuka bati fundi aliuvisha mpira usikatwe na makali. Waya hasi wa inveta tuliufunga kwenye boliti ya bodi iliyowekwa na kiwanda, baada ya yeye kuisugua kwa msasa mpaka ikang'aa.

Alikuwa ameshika drili ili atoboe sakafu na kuifunga inveta kwa skrubu, mara akasita. "Chini ya bati hili kuna nini?"

"Upande huu kuna bomba la petroli. Upande ule kuna za machungwa."

Aliiweka drili chini. Akaenda kwa jirani yake seremala, akarudi na kipande cha mbao ya mninga, akaifunga inveta juu ya mbao hiyo, na mbao akaikaza kwa mikanda kwenye vishikizo ambavyo gari lilikuwa navyo tayari. Hakuna hata tundu moja jipya lililotobolewa.

Kisha tukairudisha ncha hasi ya betri, tukamwita mjomba na ufunguo, tukaliwasha. Kwenye dashibodi lilitokea neno la kijani linalosema kuwa gari liko tayari, ingawa injini ilikuwa kimya kabisa. Tulichomeka mashine ya babu, ikakohoa, ikaanza kuvuma. Tuliiacha ivume. Fundi alikwenda kuswali adhuhuri akarudi, mashine ikivuma. Injini iliamka yenyewe mara kwa mara, ikanyamaza tena, na volti za betri ndogo hazikuyumba. Fundi alipitisha mgongo wa kiganja kwenye waya wote kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Baridi," alisema. "Kama shingo ya mtungi."

Nilihisi mabega yangu yakishuka. Nilidhani kazi imekwisha.

Siku ya safari, bibi alitoka wodini na kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya manjano pembeni. Alikuwa amekifuma akiwa amekaa kando ya kitanda cha babu, na alikusudia kuifunika nacho mashine isiingie vumbi. Ilibidi nimweleze kuwa mashine inavuta hewa kupitia mgongo wake, na ikifunikwa itapata joto. Akakikunja bila kunung'unika, akaweka mto wake pembeni mwa kiti cha nyuma, penye matundu madogo ya plastiki.

"Samahani bibi, hapo pia usiweke. Betri kubwa ya gari inavutia hewa hapo. Ikiziba, inachemka."

Aliutoa mto, akaupakata. "Kila kitu ndani ya gari hili kinapumua isipokuwa mimi."

Babu tulimkalisha mbele, kiti kimelazwa kidogo, mrija wake ukipita begani hadi kwenye mashine iliyofungwa mkanda nyuma, kati yangu na bibi. Mtungi wa dharura ulikuwa miguuni pangu. Vioo tuliviacha wazi kidogo ili oksijeni isijikusanye. Mjomba nilimkumbusha mara ya mwisho, kwa heshima lakini kwa kusisitiza: popote tutakaposimama, asilizime gari. Likizimwa, betri kubwa haimimini tena, na mashine itabaki kuinyonya ile ndogo peke yake.

"Nimekusikia, mwalimu," alisema.

Tuliuacha mji asubuhi. Babu alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu alazwe. Alitaja miti, mashamba, nyumba za watu. Alituambia kwamba babu wa babu yake alipita huku na mzigo begani akielekea ziwani, na kwamba desturi yao ilikuwa mchukuzi akishindwa kupumua mzigo wake hugawanywa kwa wenzake, na hakuna anayeulizwa. "Mimi mzigo wangu mmemgawia mashine," alisema. Mashine ilivuma. Vumbi la kiangazi lilituandama kwa nyuma, nasi tulikuwa tukilikimbia.

Tulikuwa tumekwishapita nusu ya njia tulipokuta barabara imejaa watu. Kulikuwa na msiba. Nyumba ya marehemu ilikuwa upande mmoja wa barabara, na kaburi lilichimbwa kwenye shamba lake, upande wa pili. Jeneza lilikuwa ndiyo kwanza linavushwa. Kwaya ya Moravian iliimba nyuma yake, na sauti za waimbaji zilikuzwa na spika kubwa iliyofungwa kwenye nguzo ya turubai.

Hakuna mtu wa kwetu anayepita katikati ya mazishi. Mjomba alisimamisha gari kando, nami nilishuka, nikavua kofia, nikasimama na wanaume wengine, kichwa chini. Mjomba alibaki kwenye usukani, na bibi ndani na babu. Mchungaji alianza sala. Nikiwa nimefumba macho, nilisikia injini ya gari letu ikiamka yenyewe, kama ilivyo tabia yake, na ikanguruma katikati ya sala ile. Kisha nikaisikia imenyamaza. Sikufikiri lolote. Katika gari lile injini kunyamaza ni jambo la kila dakika, na ukimya wa gari lililo tayari hautofautiani hata kidogo na ukimya wa gari lililozimwa. Mashine ilikuwa inavuma kama kawaida.

Mazishi ya kijijini hayana haraka. Watu waliokuwa wakimfahamu babu walimwona, wakaja dirishani mmoja mmoja. "Mwangaluka, mzee!" "Mwangaluka." Akaulizwa habari za kifua, za hospitali, za watoto, za mvua zilizopita. Udongo ulianza kutupwa kaburini. Ndipo nikasikia mlio mwembamba, wa kukatakata, na sauti ya bibi juu yake.

"Mume wangu! Kidude chako kinalia!"

Nilipoufikia mlango, inveta ilikuwa imekwishajizima, na mashine ya babu ilikuwa kimya. Ukimya ule nitaukumbuka. Babu alinitazama, na midomo yake ilikuwa inaanza kubadilika rangi. Nilichomoa mrija kwenye mashine, nikauchomeka kwenye mtungi, nikafungua koki. Hewa ikapita. Bibi alimshika babu kidevu, akamtazama puani kama mtu anayechungulia kisima. Kifua kikapanda, kikashuka.

Mtungi ule ungetufikisha sehemu tu ya njia iliyobaki, na kurudi mjini kulikuwa mbali zaidi. Nilitazama dashibodi. Neno la kijani halikuwapo.

Mjomba alibonyeza kitufe cha kuwashia. Taa zilipepesa, zikafifia, zikafa. Akabonyeza tena. Hakuna kitu.

"Gari limekufa," alisema, na jasho lilikuwa limemjaa usoni. "Anko, betri ilikuwa imejaa! Alama ilionyesha imejaa!"

"Ile kubwa imejaa. Lakini mlango wake unafunguliwa na ile ndogo, na ndogo imekauka."

Alielewa, na niliona alivyoelewa. Injini iliponguruma katikati ya sala, kama alivyonieleza baadaye, mzee mmoja aliligeukia gari, na mjomba, ambaye tangu ujana wake anaendesha magari katika nchi hii, alinyoosha kidole na kulizima, kama ambavyo angemfunika mtoto kinywa kanisani. Hakukusudia kunipuuza.

Tulihitaji umeme kidogo tu. Hilo ndilo lililokuwa likinizunguka kichwani: haibridi haihitaji nguvu ya kuzungusha injini, inahitaji kompyuta zake ziamke, basi, baada ya hapo inajitegemea. Nilitazama huku na huku, na macho yangu yakatua kwenye turubai. Chini ya ile spika palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda palikuwa na betri ya sola, volti kumi na mbili, na nyaya zake zilikuwa zinapeleka sauti ya kwaya hadi upande wa pili wa barabara.

Kunyamazisha wimbo wa mazishi si jambo ambalo mgeni huliomba. Nilimwendea mzee aliyekuwa akisimamia shughuli.

"Shikamoo, mzee. Poleni sana na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Mzee, nina ombi la aibu."

"Msibani hakuna aibu. Sema."

Nilimweleza kwa ufupi, nikionyesha gari, kisha spika. Aliitazama spika, akamtazama mjane aliyekuwa ameketi mkekani pamoja na wanawake wenzake. Hakutaka kuamua peke yake. Aliinama akamnong'oneza, na mimi nilisimama hapo nikiona haya hata kuhema. Mjane aliinua uso, akaniuliza jambo moja tu.

"Huyo mzee wako anapumua sasa hivi?"

"Anapumua, mama. Kwa muda."

"Basi chukueni. Marehemu wangu alikuwa akilalamikia kelele za hiyo spika hata alipokuwa mzima."

Wanawake walio karibu naye waliinamisha nyuso, na nadhani baadhi yao walitabasamu. Spika ilizimwa. Kwaya haikukatisha wimbo. Waimbaji walisogeleana tu, wakaongeza sauti.

Oksijeni na cheche havipaswi kukaa pamoja, kwa hiyo kabla ya kugusa waya wowote niliomba babu atolewe garini. Vijana wanne walimbeba juu ya kiti cha plastiki pamoja na mtungi wake, wakamweka chini ya turubai, mbali na gari, bibi akifuata na mto. Nilichomoa fyuzi tuliyoifunga na fundi, ili inveta isiibe hata tone. Nyaya nilipewa na dereva wa bodaboda ambaye alisimama nyuma yangu akiwatangazia wenzake kila hatua.

"Oneni, gari la Japani linaombewa uhai na betri ya kwaya!"

"Kaka, nyamaza kidogo nisije nikakosea rangi."

"Nyekundu na nyekundu, bosi. Hata sisi tunajua."

Nyekundu na nyekundu. Nyeusi kwenye chuma cha bodi, mbali na betri. Nilimwambia mjomba akanyage breki na kubonyeza. Tuliyasikia makofi madogo ya swichi za ndani, tak, tak, na neno la kijani likawaka.

Mjomba aliweka paji la uso kwenye usukani. Dereva wa bodaboda alipiga kigelegele kama mwanamke, akakumbuka yuko wapi, akaziba mdomo kwa kiganja.

Sikuharakisha. Nilitoa nyaya, nikairudisha betri kwenye kigoda kwa mikono miwili na kushukuru. Nilingoja hadi kipimo changu cha volti kiliponionyesha kuwa betri ndogo inajazwa, ndipo nikaichomeka fyuzi. Inveta iliwaka, mashine ikakohoa, ikaanza kuvuma. Babu akarudishwa kitini, mrija ukatoka kwenye mtungi na kurudi kwenye mashine, na mtungi nikaufunga ukiwa bado una kitu ndani.

"Nimekalishwa na wafiwa," babu alisema alipopata pumzi ya maneno. "Mmoja amenipa pole. Nimepokea."

Kabla ya kuondoka bibi aliomba plasta kwenye begi la dawa. Aliokota kizibo cha soda chini, akakiweka juu ya kitufe cha kuwashia, akakifunga kwa plasta, akakibana kwa kidole gumba.

"Mama, hujanisamehe?" mjomba aliuliza.

"Ulikosa nini? Ulimheshimu maiti. Lakini kidole chako hicho kilifundishwa adabu kabla hakijafundishwa gari hili. Twende."

Tulifika jua likiwa bado juu. Nilitangulia kuingia chumbani, nikapima soketi ya ukutani kabla ya kuiamini, kisha tukamhamisha babu, naye akalala kwa ubavu wake uleule anaoupenda, ameelekea mlangoni. Mashine ilivuma kwa umeme wa nyumbani. Bibi hakuniambia ahsante, wala sikuingojea. Aliniletea chai na sahani ya matobolwa, viazi vile vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akakaa karibu yangu akiniangalia ninavyotafuna, na kila mara alikatisha kunitazama ili asikilize mvumo wa chumbani. Alipoona nimemaliza, akanitandikia mkeka, nami nikalala mchana kweupe, usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nilipotamka maneno yale Kitete.

Niliporudi mjini nilimsimulia fundi. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Wanyamwezi! Mnazima gari kumstahi maiti, mnamnyima hewa mzima!"

"Nyinyi wa pwani mngepiga honi."

"Tungepiga, na babu yako angefika mapema." Kisha akajifuta macho, akauliza kwa sauti nyingine, "Yuko salama lakini?"

"Yuko salama. Jana ameniagizia ugoro, na bibi amenikataza kumpelekea."

"Alhamdulillahi." Alitazama gari la mjomba lililokuwa limesimama mbele yetu. "Waya wetu ulikuwa baridi, kijana."

"Ulikuwa baridi."

Tulikaa pale, tukiwa tumejua sote wawili kuwa tulipima kila kitu isipokuwa mkono wa dereva. Tuliongeza kengele ndogo, ambayo hulia kwa nguvu papo hapo gari likizimwa wakati inveta inafanya kazi. Ni kifaa rahisi. Babu amekwishasafiri nacho mara mbili kwenda kliniki na kurudi, na mjomba huniambia kwamba kengele imemlilia mara moja tu, alipokutana na msafara wa harusi na kutaka kuzima gari ili asikilize ngoma.

Magari haya yanazidi kuja kwetu, na kila mmoja wetu atataka kuongeza kitu juu yake: taa, redio, jokofu dogo, spika, au kama sisi, pumzi ya mtu. Naomba jambo moja. Kabla hujamruhusu yeyote akufungie chochote kwenye haibridi yako, mwambie akuonyeshe fyuzi iko wapi, asiguse nyaya za machungwa, asizibe matundu ya hewa ya betri. Na kabla hujaondoka karakanani, mketishe dereva, umuulize ni lini na ni wapi huwa analizima gari hilo, kisha umngoje amalize kujibu.